Mtoto Akisoma Ng'ambo: Uliza Usingizi Kabla ya Kuuliza Alama

  

Tumezoea kuzungumza hapa juu ya chanjo, malaria, kunyonyesha na maji safi ya kunywa. Mtoto wa leo ni mkubwa. Huwezi kumgusa paji la uso ujue kama ana homa, kwa maana yeye yuko Uingereza, Marekani, Kanada, India au Australia, na wewe uko hapa. Amekwenda kusoma. Shida ambayo ningependa tuizungumzie haina joto wala kikohozi. Ni msongo wa mawazo unaotokana na masomo.

Huenda ukasema, "Muuguzi, wangu bado yuko shule ya msingi." Sikiliza hata hivyo. Labda una mpwa au mtoto wa jirani aliyesafiri. Na mengi tutakayosema yanamfaa hata yule aliye chuoni hapa hapa Kenya.

Nitaanza na jambo lililotokea nyumbani kwetu.

Mdogo wangu wa kike alipata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza. Tulifanya harambee. Kanisa lilichanga, chama cha akina mama kilichanga, mjomba akauza ng'ombe. Siku ya kumsindikiza uwanja wa ndege tulijaza matatu mbili. Baada ya hapo, kila Jumapili tulimpigia simu. Simu iliwekwa katikati ya meza, sauti juu, na kila mtu akauliza swali lake. Swali la kwanza lilikuwa lile lile: "Masomo je? Matokeo yametoka?" Naye alijibu, "Niko sawa. Nimechoka tu kidogo." Nami nikamwambia, "Jikaze, mdogo wangu. Watu wanakutegemea."

Asubuhi moja ya mwezi wa Januari, nikijitayarisha kwenda kazini, nilimpigia nikitaka tu aione simu yangu atakapoamka. Kwetu ilikuwa saa moja asubuhi. Kwake ilikuwa saa kumi usiku. Akapokea kabla simu haijalia mara mbili. Nikamwuliza, "Kwani hujalala?" Akanyamaza. Kisha akasema, "Siku hizi silali."

Mama mpendwa, mimi ni muuguzi. Mgonjwa akiingia zahanati namwuliza: unalala? Unakula? Unahisi maumivu wapi? Lakini mdogo wangu mwenyewe nilikuwa nimemwuliza alama tu, kwa miezi minne. Asubuhi hiyo aliniambia kwamba ameanguka karatasi moja, kwamba hali chakula cha maana, na kwamba kila Jumapili moyo humdunda kabla hajapokea simu yetu. Alikuwa akituogopa sisi tuliompenda.

Nitakueleza baadaye jinsi alivyosaidika. Kwanza tuelewe shida yenyewe.

Msongo wa mawazo ni nini?

Mtu akikutana na nyoka njiani, mwili hutoa homoni, zikiwemo adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, pumzi hupanda. Nyoka akiondoka, mwili hutulia. Hali hii ikiwa kidogo ina faida. Ndiyo inayomfanya mwanafunzi aache mchezo na kufungua kitabu mtihani unapokaribia.

Shida huja pale nyoka asipoondoka. Insha ya kuwasilisha Ijumaa, mtihani wa mwezi ujao, karo ya muhula, kodi ya chumba: hayo yote hukaa pale pale, na mwili nao hukaa macho usiku na mchana. Usingizi hupungua. Ujue kwamba ni wakati wa usingizi ndipo ubongo huyahifadhi vizuri yale mtu aliyojifunza mchana. Asiyelala husoma mengi akakumbuka machache. Alama zikishuka, hofu huongezeka, naye hukesha zaidi. Ni mzunguko unaojilisha wenyewe.

Basi mtoto wa namna hiyo si mvivu. Hakurogwa, wala imani yake haijapungua. Ni mwili na akili vilivyobebeshwa mzigo kwa muda mrefu bila kupumzika.

Kwa nini ng'ambo mzigo ni mzito zaidi?

Kwanza, ni namna ya kusoma. Wengi wetu tulilelewa tukijua kwamba mwanafunzi mwema hunyamaza na kuandika asemayo mwalimu. Kule hutakiwa kutoa hoja, hata kumpinga mhadhiri kwa adabu mbele ya darasa. Akinakili maneno ya kitabu bila kumtaja mwandishi, hata kama ni kwa kutojua, anaweza kushtakiwa kwa wizi wa maandishi. Alama nazo husomwa tofauti. Katika vyuo vikuu vya Uingereza, 70 kwa 100 ni alama ya daraja la kwanza, na katika shahada ya uzamili kufaulu kwa kawaida ni 50. Mtoto aliyezoea 85 katika sekondari akiandikiwa 58 hudhani ameanguka. Nawe ukiisikia hiyo 58 kwenye simu unashtuka vile vile, na yeye anausikia mshtuko wako.

Pili, ni pesa. Viza ya mwanafunzi huweka mpaka wa kazi. Uingereza, mwanafunzi wa shahada kwa kawaida haruhusiwi kuzidisha saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kanada ni saa 24 kwa wiki nje ya chuo, tangu Novemba 2024. Marekani kwa kawaida hufanya kazi ndani ya chuo tu, saa zisizozidi 20 wakati wa masomo. Kwa hiyo akikuambia hana pesa, usidhani anaficha. Na akisukumwa afanye kazi kupita kiasi kwa siri, anahatarisha viza yake na afya yake pamoja. Wapo wanaotoka kazi ya usiku ya kuhudumia wazee na kuingia moja kwa moja darasani.

Tatu, ni giza na baridi. Sisi tumezoea saa 12 za mchana mwaka mzima. Mwezi wa Desemba huko Uingereza jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kutua kabla ya saa kumi jioni. Mtu anaweza kuingia maktaba gizani na kutoka gizani. Ukosefu huo wa mwanga huwaletea watu wengine huzuni, uchovu na usingizi uliovurugika, hata wenyeji wenyewe.

Nne, na hili ndilo tunalolisahau, ni deni la shukrani. Mwaka 1959, kwa juhudi za Tom Mboya na wenzake, ndege ya kwanza iliwapeleka wanafunzi 81 Marekani. Hata wakati huo familia na vijiji vilichangia. Tangu siku hizo, safari ya masomo hapa kwetu si ya mtu mmoja, ni ya ukoo mzima. Ni jambo jema na tusiliache. Lakini mtoto hulibeba. Akianguka karatasi moja, haoni karatasi. Anamwona mjomba na ng'ombe wake.

Dalili unazoweza kuzijua kwa simu

Huwezi kumwona, lakini unaweza kumsikia. Zingatia mambo haya:

- Anapokea simu au kujibu ujumbe saa za usiku wa manane kwake. Jua tofauti ya saa. Uingereza iko nyuma yetu kwa saa 3 wakati wa baridi, na saa 2 wakati wa kiangazi. New York iko nyuma kwa saa 8 au 7.
- Au kinyume chake: hapokei tena, na kila mara ana sababu.
- Anasema "niko sawa" upesi mno, kisha anageuza mazungumzo.
- Analalamika kichwa, tumbo, au moyo kwenda mbio, na daktari haoni ugonjwa.
- Hali, au anakula vitu vya pakiti tu. Amekonda, au amenenepa ghafula.
- Anakasirika au kulia kwa jambo dogo.
- Ameacha mambo aliyoyapenda: kwaya, mpira, ibada, marafiki.
- Anatumia pombe, au vidonge vya kumwondolea usingizi alivyopewa na wenzake.

Dalili moja kwa siku mbili, hasa wakati wa mitihani, isikutie hofu. Lakini huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kukidumu karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi, huyo anahitaji kumwona daktari au mshauri nasaha. Inaweza kuwa ni ugonjwa wa sonona, na sonona inatibika.

Namna ya kupiga simu

Mama, simu yako ni dawa. Kama dawa nyingine, hutegemea namna unavyoitoa.

Mpigie ukiwa peke yako, angalau mara moja kwa wiki, bila umati mezani. Ukoo una siku yake, lakini awe na siku ya mama. Anza na maswali ya zahanati: "Jana ulilala saa ngapi? Leo umekula nini? Umeongea na nani ana kwa ana wiki hii?" Maswali haya ni rahisi kuyajibu na ni magumu kuyadanganya. Alama ziache, atakutajia mwenyewe akiwa tayari.

Akianza kueleza shida, usimkatize kwa mawaidha. Punguza haya maneno: "Jikaze." "Wenzako wanaweza." "Usituaibishe." Badala yake mwambie, "Pole, mwanangu. Nieleze zaidi." Kisha mwambie jambo ambalo pengine hajawahi kulisikia kwetu: "Ukianguka mtihani, bado ni mtoto wangu, na tutatafuta njia pamoja."

Wewe pia uwe mlango. Ndugu wakitaka pesa za mabati, simu mpya au mchango wa arusi kutoka kwa mwanafunzi, wapitie kwako, na uwaambie kwa upole kwamba mtoto bado yuko masomoni.

Na habari za msiba je? Wengi wetu huficha kifo cha nyanya au babu hadi mitihani iishe, kisha mtoto anakikuta kwenye Facebook. Hilo huumiza zaidi, na baadaye haamini tena unapomwambia kila mtu ni mzima. Mwambie ukweli, kwa sauti yako, wakati ambao kwake ni mchana na kuna mtu karibu naye.

Mambo anayoweza kuyafanya mwenyewe

Msomee haya, au mwandikie ujumbe:

Alale saa 7 hadi 9 kila usiku, na aamke saa ile ile kila siku. Simu isilale kitandani naye. Kahawa na vinywaji vya kuchangamsha aviache baada ya mchana.

Atoke nje kila siku wakati kuna mwanga, hata kama kuna baridi, atembee nusu saa. Huko Uingereza watu wenye ngozi nyeusi hushauriwa wafikirie kutumia vitamini D mikrogramu 10 kila siku mwaka mzima, kwa sababu jua la kule halitoshi. Aulize katika duka la dawa.

Ale chakula cha kupikwa. Maharagwe, mchele, mayai na mboga hupatikana kila mahali. Akipika sufuria moja Jumapili, amepata chakula cha siku tatu katika friji.

Kazi kubwa aikate vipande. Insha ya maneno 3000 inatisha. Aya moja haitishi. Asome dakika 25, apumzike 5, arudi.

Hofu ikimpanda, avute pumzi polepole akihesabu hadi 4, aitoe polepole akihesabu hadi 6, arudie mara kumi. Pumzi ndefu ya kutoka huutuliza moyo.

Msaada ulio karibu naye

Watoto wetu wengi hawaendi kwa mshauri nasaha wa chuo kwa sababu wanadhani ni mahali pa wenye wazimu, au wanaogopa kwamba itaandikwa katika viza yao. Vyuo vikuu vingi vina ofisi ya ushauri nasaha, na mara nyingi mwanafunzi halipi kitu. Anayozungumza humo ni siri, isipokuwa maisha yakiwa hatarini. Uingereza, mwenye viza ya mwanafunzi ya zaidi ya miezi 6 huwa amelipia huduma ya afya ya taifa pamoja na viza. Basi ajiandikishe kwa daktari wa mtaani mapema, kabla ya kuugua.

Yuko pia mhadhiri anayemlea. Akimweleza mapema kwamba anaugua, anaweza kuongezewa muda wa kuwasilisha kazi au kupewa nafasi ya kurudia karatasi. Neno la maana ni mapema, kabla tarehe haijapita.

Iko na ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Asiache somo lolote wala kuahirisha muhula kabla ya kwenda hapo, kwa maana viza yake hutegemea idadi ya masomo. Marekani, kwa mfano, mwanafunzi mgonjwa anaweza kupunguziwa masomo akiwa na barua ya daktari, lakini ni lazima apate idhini ya ofisi hiyo kwanza.

Nawe mama, ujue hili: ukipiga simu chuoni kuuliza habari za mtoto aliyetimiza miaka 18, kwa kawaida hawatakuambia kitu bila ruhusa yake. Si dharau, ni sheria yao. Lakini wanaweza kukusikiliza. Ukiwa na hofu kubwa, waeleze hofu yako na uwaombe wamwangalie. Tangu sasa mwombe mtoto akupe nambari ya chuo, ya rafiki mmoja anayeishi naye karibu, na anwani yake kamili.

Dalili za hatari

Akisema hana maana ya kuishi, kwamba ninyi mtapumzika asipokuwepo, akianza kugawa vitu vyake au kuaga watu, usingoje Jumapili. Mwulize waziwazi: "Mwanangu, unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Kunampa nafasi ya kulitua.

Akisema ndiyo, usimlaumu wala kumtisha kwa dhambi. Mwambie unafurahi amekuambia. Kaa naye kwenye simu, na mtu mwingine nyumbani atumie simu nyingine kumpigia rafiki yake aende kwake mara moja. Marekani na Kanada, yeye mwenyewe anaweza kupiga 988. Uingereza ni 116 123, na India ni 14416. Hatari ikiwa ni ya sasa hivi, apige nambari ya dharura: 911 Marekani na Kanada, 999 Uingereza, 000 Australia, 112 India na nchi nyingi za Ulaya. Hapa Kenya, unaweza kupiga 1199, nambari ya Shirika la Msalaba Mwekundu, bila malipo. Ziandike ukutani karibu na kalenda.

Turudi kwa mdogo wangu

Asubuhi ile nilichelewa kazini. Tulizungumza hadi akasema anasikia usingizi. Siku hiyo hiyo alikwenda ofisi ya ushauri nasaha akiwa na rafiki yake Mkenya. Akaendelea kwenda kila wiki. Alimwona daktari. Aliacha zamu za usiku, akabaki na za mwisho wa wiki. Karatasi aliyoanguka aliirudia mwezi wa Agosti.

Nasi tulibadilika. Jumatano jioni ikawa ya Mama peke yake. Wiki za kwanza Mama alipata taabu, hakujua aulize nini kama si masomo. Nikamwandikia maswali matatu kwenye karatasi: umelala, umekula, umeongea na nani. Baadaye akaiweka karatasi kando.

Mdogo wangu hakupata daraja la juu. Alifaulu, akarudi mzima. Wakati ule wa Januari, wanachama walipomwuliza Mama matokeo ya mtoto waliyemchangia, alijibu, "Siku hizi analala." Wengine walishangaa. Mama mmoja akamfuata nje, akamwomba amwandikie yale maswali, kwa sababu wake yuko Marekani na hapokei simu tangu Krismasi.

Mwisho, mama, usijisahau wewe. Kukaa na hofu ya mtoto aliye mbali hupandisha shinikizo la damu na kukunyima usingizi vile vile. Ukiona umeshindwa kulala, njoo kituo cha afya kilicho karibu nawe, tukupime na tuzungumze. Hutaonekana mpumbavu.

Kwa ufupi, kumbuka haya manne. Msongo wa mawazo si uvivu. Uliza usingizi na chakula kabla ya alama. Mhimize atafute msaada chuoni mapema. Na dalili za hatari zisingoje kesho.

Leo jioni, hesabu saa za huko aliko. Kama kwake ni mchana, mpigie.